Boeing 737 MAX: watu 346 walikufa, kosa lililoandikwa kortini ni kumlaghai mkaguzi

Kuna kitu watu wengi wa kwetu hawakijui kuhusu hii kesi. Kwenye karatasi za mashtaka dhidi ya Boeing, zile zilizofunguliwa Texas tarehe 7 Januari 2021, hakuna sehemu inayosema Boeing inashtakiwa kwa kuua mtu. Kosa ni moja tu, kula njama ya kuilaghai serikali ya Marekani, maana yake kumficha mkaguzi wa serikali habari za programu moja ya kompyuta. Watu 346 wamekufa kwenye ndege mbili mpya kabisa, ajali ya pili imekuja hata miezi mitano haijaisha tangu ya kwanza, 32 kati ya hao waliokufa ni Wakenya, alafu sheria ikifika kazini swali lake linakuwa ni nani alimdanganya mkaguzi.

Mi nimeifuatilia hii kesi muda mrefu na kila nikiirudia naona jambo lilelile, sheria ya Marekani ina meno makali kwenye uongo na ni kibogoyo kwenye maamuzi. Ukidanganya kwa maandishi wanaweza kukufuata, lakini mkikaa mezani mkakubaliana kwamba hiki kitu ni kidogo, marubani hawana haja ya kukijua, na huo uamuzi ukaja kuua watu, hakuna kifungu kinachowasubiri. Ndo maana nataka tuipitie taratibu, maana ubaya wake umejificha kwenye vitu vidogovidogo ambavyo kila kimoja ukikiangalia peke yake unaona cha kawaida.

Ilianza kama biashara tu. Desemba 2010 Airbus wakatangaza A320neo, ndege yao ya siku zote ila na injini mpya zinazokula mafuta kidogo. Boeing walikuwa bado wanafikiria kama watengeneze ndege mpya kabisa, lakini 2011 American Airlines, mteja wao wa miaka na miaka, akaagiza Airbus 260 kwa mkupuo na presha ikapanda. Agosti 2011 wakaamua, hakuna ndege mpya, tunachukua 737 ileile iliyoruka mara ya kwanza 1967 tunaifunga injini kubwa. Sasa 737 imekaa chini sana karibu na ardhi, injini kubwa haikai vizuri chini ya bawa, ikabidi isogezwe mbele na kupandishwa juu kidogo, na hapo ndege ikabadilika tabia, pua ikishainuka sana inataka kuendelea kuinuka. Dawa waliyoipata ni MCAS, programu inayosukuma pua chini yenyewe bila rubani kuiambia.

Mpaka hapo sioni kosa. Kutumia kompyuta kurekebisha tabia ya ndege ni jambo la kawaida na marubani wenyewe wameshalizoea. Kosa linaingilia kwenye mafunzo, na naomba msomaji usipite hapa haraka.

Shirika la ndege likinunua ndege mpya halafu FAA, yaani mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ikasema marubani lazima waingie kwenye simuleta kwanza, ile mashine inayoigiza kurusha ndege, hiyo ni gharama kubwa, unawatoa marubani kazini kwa zamu, unakodi mashine, ratiba zinavurugika. Kwa hiyo Boeing waliiuza MAX kwa ahadi kwamba rubani wa 737 ya zamani atasoma tu masomo ya masaa machache kwenye kompyuta, anaingia anarusha. Na hawakuishia kwenye maneno, kwenye mkataba na Southwest, shirika la ndege la Marekani, waliahidi punguzo la dola milioni 1 kwa kila ndege endapo mafunzo ya simuleta yatatakiwa. Southwest wana mamia ya ndege. Yaani kabla mainjinia hawajamaliza hata kuchora, jibu la swali la usalama lilikuwa limeshawekewa bei, na ukishajua hiyo bei kila kilichofuata kinaeleweka.

Juni 2013 kuna kikao cha ndani ambacho kumbukumbu zake zilikuja kutolewa na kamati ya uchukuzi ya Bunge la Marekani. Kwenye zile kumbukumbu wanasema wazi kwamba wakiisisitiza MCAS kama kitu kipya, huenda ikaleta kazi zaidi kwenye kupata kibali na kwenye mafunzo, kwa hiyo kwa watu wa nje wakaona bora ielezwe kama nyongeza ya mfumo ambao tayari upo. Mwaka mmoja nyuma, 2012, rubani wa majaribio wa Boeing aliingia kwenye simuleta wakamwashia MCAS bila yeye kuitaka, akachukua zaidi ya sekunde 10 kuidhibiti, na mwenyewe akasema hali hiyo ni janga, wakati hesabu za usalama zilikuwa zinachukulia kwamba rubani wa kawaida atajibu ndani ya sekunde 4. Mwaka 2015 injinia mmoja akauliza kwa imeili, je tuko hatarini kama kihisi kimoja kikiharibika? Swali lenyewe hilohilo lililokuja kuua watu, liliulizwa, liko kwenye maandishi, miaka mitatu kabla. MCAS ilikuwa inasikiliza kihisi kimoja tu cha pembe ya pua ingawa ndege inavyo viwili, kimoja kila upande.

Alafu 2016 wakaipa nguvu zaidi. Mwanzoni ilikuwa inafanya kazi kwenye mwendo mkali tu na inasogeza mkia kwa nyuzi 0.6, baada ya majaribio wakaona inahitajika kwenye mwendo mdogo pia, ikapandishwa mpaka nyuzi 2.5 kwa mpigo mmoja, zaidi ya mara nne, na ikishamaliza mpigo, rubani akirudisha pua juu, inasubiri sekunde 5 inaanza tena. Watu wa FAA waliokuwa wanaamua mafunzo ya marubani hawakuambiwa hayo mabadiliko. Kwenye manyuali ya rubani jina MCAS halikuwa na maelezo yoyote, rubani anakabidhiwa ndege ambayo inaweza kumnyang'anya pua na hajui kwamba kuna kitu kama hicho humo ndani.

Hapo ndipo anapotokea Mark Forkner, rubani mkuu wa kiufundi wa mradi, ambaye kazi yake ilikuwa kuongea na FAA kuhusu mafunzo. Novemba 2016 alikuwa anachati na mwenzake, akamwandikia kwamba MCAS inafanya fujo kwenye simuleta, na kwamba kumbe amewadanganya wakaguzi, bila kujua. Hiyo meseji ndo ikawa nguzo ya kesi nzima. Lakini Forkner aliposhtakiwa mwenyewe Oktoba 2021, mawakili wake wakasema huyu ni mtu wa chini anayebebeshwa msalaba wa wakubwa, na wenyewe mainjinia hawakumwambia, na juri la Fort Worth, yaani raia wa kawaida wanaoamua kesi, tarehe 23 Machi 2022 likamwachia huru, halikuchukua hata siku moja kujadiliana. Kwa hiyo huyo ndiye mtu pekee aliyewahi kupandishwa kizimbani kwa jinai kwa ajili ya 737 MAX, na hana hatia. Mi naliheshimu lile juri. Nadhani waliona wanachokiona watu wengi, kwamba rubani mmoja wa kitengo cha mafunzo hawezi kuwa ndiye aliyeamua kihisi kiwe kimoja.

Kuna meseji nyingine zilitolewa Januari 2020 ambazo zinauma kuzisoma. Mmoja anaandika kwamba hii ndege imesanifiwa na maklauni wanaosimamiwa na nyani. Mwingine anauliza mwenzake, wewe ungeipandisha familia yako kwenye MAX? Anajijibu mwenyewe, mi nisingefanya hivo. Na 2017 Lion Air ya Indonesia walipouliza kama marubani wao wapewe simuleta, watu wa Boeing wakaanza kuwatukana wao kwa wao kwamba ni wajinga, wakahangaika mpaka wakawatoa kwenye hilo wazo. Mteja mwenyewe anataka usalama zaidi, kwa hela yake, na muuzaji anamzuia. Ukiniuliza ni kipi kibaya kuliko vyote kimaadili kabla ya ajali, nakutajia hiki.

Sasa mkaguzi alikuwa wapi? Mkaguzi kwa kiasi kikubwa alikuwa ni Boeing wenyewe. Kuna utaratibu unaitwa ODA, FAA inakasimu sehemu ya ukaguzi kwa wafanyakazi wa kampuni inayokaguliwa, mshahara wanalipwa na kampuni ila sahihi wanaweka kwa niaba ya serikali. FAA haina watu wa kutosha na haina hela za kushindana na viwanda kwenye mishahara ya mainjinia, hilo naelewa. Lakini mtu unayemtaka asimamishe ndege ya bosi wake, bonasi yake inatoka kwa huyohuyo bosi, na ratiba imechelewa tayari, unamweka kwenye mtihani ambao hata mtu mwema anashindwa. Machi 2017 MAX ikapata kibali.

29 Oktoba 2018, Lion Air 610 inatoka Jakarta, dakika kama 13 hivi inaingia baharini, watu 189. Siku moja kabla, ndege hiyohiyo ikitoka Bali ilikuwa na tatizo hilohilo na ikapona kwa sababu kulikuwa na rubani wa tatu amekaa nyuma kwenye kiti cha ziada akawasaidia wenzake kukata umeme unaosogeza mkia.

Mimi nasema hivi, kisa kingeishia hapa ningeweza kukubali neno ajali. Kilichofuata, ile miezi minne na kitu, ndo naona hakina utetezi. Boeing walijua ndani ya siku chache kwamba MCAS imehusika. Tarehe 6 Novemba wakatoa tangazo kwa mashirika ya ndege, halitaji jina MCAS, kesho yake FAA nao wakatoa agizo lao, halitaji. Marubani wa Marekani walipokuja kujua kwamba kuna mfumo hawakuambiwa walikasirika sana, chama cha marubani wa American Airlines kikakaa kikao na wakubwa wa Boeing tarehe 27 Novemba, kikarekodiwa, wanauliza kwanini hamkutuambia, wanajibiwa kwamba rubani anaweza kuruka maili milioni asikutane na hicho kitu na kwamba hawakutaka kuwajazia taarifa. Siku hiyohiyo kampuni ikatoa taarifa kwa umma kwamba 737 MAX ni salama sawa na ndege yoyote iliyowahi kuruka angani, hayo maneno yalikuja kuwagharimu baadae kwa wasimamizi wa soko la hisa.

Na Desemba 2018 FAA yenyewe ilipiga hesabu ya ndani. Bila kurekebisha programu, MAX zote zikiruka mpaka uzee wao, tegemea ajali mbaya kama 15. Hesabu hiyo ilikuja kuonekana na umma mwaka mmoja baadae bungeni. Walikuwa nayo mkononi, na ndege ziliendelea kuruka huku wanatengeneza marekebisho, kwa imani kwamba hakuna nyingine itakayoanguka kabla hawajamaliza. Huo ni uamuzi. Kuna watu walikaa, wakaangalia namba, wakaamua abiria wa dunia nzima wabebe hiyo hatari bila kuambiwa.

10 Machi 2019, Jumapili, Ethiopian 302 inaondoka uwanja wa Bole, Addis Ababa, saa 2:38 asubuhi kwenda Nairobi. Ripoti ya awali ya wachunguzi wa Ethiopia inaeleza kila sekunde. Mara tu baada ya kupaa kihisi cha kushoto kinasema pua iko nyuzi 74.5, cha kulia kinasema 15, ndege haiwezi kuwa nyuzi 74 ikaendelea kupaa, mtoto wa shule angeona hiyo namba ina kasoro, lakini MCAS haikuwekewa hata njia ya kulinganisha vile viwili. Inasukuma pua chini. Rubani anarudisha. Inasukuma tena. Wanafanya kile Boeing walichosema kifanyike, wanakata swichi za umeme wa mkia, sasa wabaki kuzungusha gurudumu kwa mkono, ila ndege iko kwenye mwendo mkali na upepo unakandamiza mkia mpaka gurudumu halizunguki. Rubani msaidizi anasema haifanyi kazi. Wanawasha tena swichi, MCAS inaingia mara ya mwisho. Dakika 6 tangu waruke. Watu 157 wa mataifa 35, wengine walikuwa wanawahi mkutano wa mazingira wa Umoja wa Mataifa pale Gigiri.

Ndege ilizama ardhini karibu na Bishoftu, na familia zilizosafiri kwenda Addis hazikupewa miili, walipewa kila mmoja mfuko wa kilo moja ya udongo ulioungua kutoka pale shambani, wakazike huo. Kuna Mkenya anayeishi Kanada alipoteza mke wake, watoto wake watatu, na mama mkwe. Mtoto wa mwisho alikuwa wa miezi tisa. Julai mwaka huohuo alisafiri mpaka Washington akakaa mbele ya kamati ya Bunge akaongea.

China wakazizuia MAX siku iliyofuata baada ya ajali, Ulaya wakafuata, FAA wakawa kati ya wa mwisho, 13 Machi.

Turudi kwenye sheria sasa. Yale mashtaka ya Januari 2021 yalikuja pamoja na mkataba unaoitwa mkataba wa kuahirisha mashtaka, serikali inafungua kesi, kampuni inakubali ukweli wa mambo, inalipa, inaahidi kujirekebisha kwa miaka mitatu, ikitimiza kesi inafutwa. Vyombo vya habari vilitangaza dola bilioni 2.5 na watu wakaona ni adhabu ya maana. Ukizichambua, dola bilioni 1.77 kati ya hizo, karibu asilimia 70, ni fidia kwa mashirika ya ndege yaliyokosa biashara ndege zikiwa zimezuiliwa, yaani wateja wa Boeing, hela ambayo kibiashara wangepaswa kuwalipa hata hivyo. Milioni 500 zikaenda kwa familia za marehemu. Faini yenyewe ya jinai ni milioni 243.6. Na kuna sentensi ndani ya ule mkataba nikiisoma nasikia moyo unakaza, Wizara ya Sheria inasema kosa halikuenea kwenye kampuni, halikufanywa na watu wengi, na wakuu wa kampuni hawakulisaidia. Marubani wawili tu wa kitengo cha mafunzo. Basi. Familia hazikuulizwa chochote kabla ya kusainiwa, zilisikia kwenye taarifa ya habari.

Kwanini waendesha mashtaka wa Marekani wanapenda hii mikataba? Ukiwauliza watakukumbusha Arthur Andersen, kampuni kubwa ya wakaguzi wa hesabu iliyotiwa hatiani 2002 kwenye sakata la Enron, kampuni ya nishati iliyoanguka kwa hesabu za uongo, ikafa, maelfu na maelfu ya watu wakakosa kazi, alafu 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaja kutengua ile hukumu wakati kampuni imeshazikwa. Tangu hapo wanaogopa kuua kampuni kwa hukumu. Na Boeing ni mwajiri mkubwa, ni msambazaji wa jeshi, ukiitia hatiani unaanza kuuliza nani atatengeneza ndege za kivita. Hoja naielewa. Ila mtu hafi kampuni ikifunguliwa kesi ya haki, na kumshtaki mkurugenzi binafsi hakufungi kiwanda.

Na isisemwe kwamba wakurugenzi hawafungwi Marekani. Stewart Parnell, bosi wa kampuni ya karanga ya Georgia, alipewa miaka 28 mwaka 2015 kwa kusambaza karanga zenye salmonella huku akijua, vifo 9 vilihusishwa na karanga hizo. Kilichomfunga ni imeili zake mwenyewe za kuamuru mzigo usafirishwe, na pia sheria za chakula na dawa za kule zina msimamo, tangu kesi ya Park ya 1975, kwamba mkubwa mwenye mamlaka ya kuzuia madhara anaweza kuwajibika kijinai hata kama mikono yake haikugusa. Kwenye ndege hakuna kitu kama hicho. Waingereza wana sheria ya 2007 ya kampuni kuua kwa uzembe, Marekani kwenye ngazi ya taifa hawana. Kwa hiyo mkaanga karanga ana sheria kali kumzidi mtengeneza ndege, na hilo linarekebishika, ni Bunge tu kuandika kifungu.

Familia zilikataa kunyamaza. Wakiwa na profesa wa sheria Paul Cassell wa Utah wakachukua sheria ya 2004 ya haki za wahanga wa jinai, inayosema mhanga lazima ashirikishwe, wakaenda kwa Jaji Reed O'Connor pale Fort Worth. Wizara ya Sheria ikajibu kitu cha ajabu, kwamba hawa sio wahanga wa hilo kosa kwa sababu aliyelaghaiwa ni serikali. Fikiria umemzika mwanao halafu unaambiwa kisheria hukuhusika. Oktoba 2022 jaji akasema hapana, bila ule ulaghai marubani wangefundishwa, na wale 346 wasingekufa kwa namna ile, hivo ni wahanga kamili. Januari 2023 Boeing wakalazimika kusimama kortini kusomewa shtaka, wakasema hawana hatia, kampuni ambayo miaka miwili nyuma ilisaini kukubali ukweli wote, na familia moja baada ya nyingine zikasimama kuongea mbele yao. Mwezi uliofuata O'Connor akaandika kwamba kosa la Boeing linaweza kuitwa kosa la jinai la kampuni lililoua watu wengi kuliko yote katika historia ya Marekani. Alafu katika uamuzi huohuo akasema hana mamlaka ya kuvunja mkataba.

5 Januari 2024, siku mbili kabla ya ile miaka mitatu kuisha, kipande cha ukuta kikachomoka hewani kwenye MAX ya Alaska Airlines. Boliti nne za kukishikilia hazikuwepo, kiwandani walisahau kuzirudisha. Mei serikali ikasema Boeing wamevunja mkataba, Julai wakakubali kukiri hatia, Desemba O'Connor akakataa yale makubaliano, pamoja na mambo mengine kwa sababu mahakama ilikuwa imesukumwa pembeni kwenye kumchagua msimamizi wa nje wa kuiangalia kampuni. Utawala ukabadilika Washington, Mei 2025 wakaja na makubaliano mapya, safari hii hakuna kukiri hatia kabisa, kesi inafutwa, Boeing wanaweka dola bilioni 1.1, ikiwemo milioni 444.5 zaidi kwa familia, na badala ya msimamizi wa nje kampuni inaajiri mshauri wake yenyewe. Novemba 2025 jaji akaifuta kesi huku akiandika kwamba haoni kama ni kwa faida ya umma, ila sheria haimpi uwezo wa kukataa.

Sasa hapa kuna jambo ambalo linanisumbua kuliko faini. Kule Delaware wenyehisa waliwashtaki wajumbe wa bodi, sio kwa vifo, kwa hasara ya hisa. Na ile kesi ndiyo iliyofungua mlango wa chumba cha bodi, maana ili kuthibitisha uzembe walipata haki ya kusoma kumbukumbu za vikao. Septemba 2021 jaji akakubali iendelee, akaeleza kwamba bodi haikuwa na kamati ya usalama, usalama haukuwa ajenda ya kudumu, na baada ya Lion Air bodi ililichukulia suala kama la sifa ya kampuni mbele ya umma. Novemba wakamalizana kwa dola milioni 237.5, zikalipwa na bima za wakurugenzi, na zikaingia kwa Boeing yenyewe kwa kuwa kisheria ndiyo iliyodhurika. Mtu aliyepoteza hela kwenye hisa alipewa ufunguo wa kuingia mahali ambapo mtu aliyepoteza mtoto hakufika.

Dennis Muilenburg, aliyekuwa mkurugenzi mkuu, aliondolewa Desemba 2019 na akaondoka na stahili za dola kama milioni 62. Septemba 2022 wasimamizi wa soko la hisa walimtoza dola milioni 1 na kampuni milioni 200 kwa kuwapotosha wawekezaji, na bila kukiri chochote. Tena wawekezaji.

Upande wa madai, Novemba 2021 Boeing walikubali mbele ya mahakama ya Chicago kwamba wao peke yao ndio wa kulaumiwa kwa Ethiopian 302 na kwamba marubani hawakukosea. Hilo kwa heshima ya wale vijana wawili waliokuwa kwenye usukani ni jambo kubwa na naona halikutangazwa inavyostahili, maana kuna watu wengi tu walishasema marubani wa Kiafrika hawakujua kazi. Familia za nje ya Marekani zikabaki na haki ya kudai kulekule. Lakini familia nazo zikakubali kutodai fidia ya kuadhibu. Kuanzia hapo mabishano yakawa ni hesabu, na moja ya hoja ambazo Boeing walileta ni kwamba juri lisisikie kuhusu hofu ya abiria zile dakika 6, kwa kuwa walikufa papo hapo bila maumivu. Mei 2023 jaji akakataa, akasema ushahidi wa walichopitia kabla ya kugonga ardhi utasikilizwa. Karibu kesi zote zikaishia kwenye malipo ya siri, nyingine usiku wa kuamkia kesi, na Novemba 2025 ndo juri la kwanza likatoa hukumu, zaidi ya dola milioni 28 kwa familia ya abiria mmoja, mwanamke wa Kihindi aliyekuwa akifanya kazi na Umoja wa Mataifa.

Na kwa sababu Boeing walishakubali lawama, lile juri halikuwa na kazi ya kuuliza nani alijua nini kuhusu kihisi kimoja, wala nani aliona ile hesabu ya ajali 15 na akasema ndege ziendelee. Kesi ya jinai ambayo ingeuliza hayo imefutwa. Familia zilisema zitakata rufaa, na wanachokidai tangu 2021 ni kilekile, kesi ya wazi, wakubwa wakae kizimbani waape, waulizwe.